Shawa ya umeme Kibosho: alfajiri moto, jioni vuguvugu. Nimepima volti na ampea, nawaletea hesabu yote

#1 FundiPasua

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi umeme, naishi Pasua hapa Moshi. Huu uzi nimeuchelewesha makusudi mpaka nipate namba zote, kwa sababu shawa nzima kidogo itupwe kwa kukosa mtu wa kugawanya namba mbili.

Juzi niliitwa Kibosho kwa mama mmoja mtu mzima. Baridi ya huku mlimani mwezi wa sita mnaijua. Ana shawa ya umeme, zile zinazochemsha maji papo hapo, kibandiko kimeandikwa wati 5,500 kwa volti 230. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanipeleka moja kwa moja bafuni. Lalamiko lake: alfajiri maji yanatoka moto vizuri kabisa, jioni ni vuguvugu hadi wajukuu wanakataa kuoga. Mafundi wawili wamepita kabla yangu na wote wamemwambia shawa ni feki, anunue nyingine. Hela alishaanza kuitafuta.

Nikamuuliza, "Mama, hiyo alfajiri ni saa ngapi?"

"Kumi na moja, baba. Kabla sijakwenda misa."

Sasa fikirieni. Shawa feki haijui saa. Kama koili, ule waya wa ndani unaopasha maji, imechoka, imechoka alfajiri na jioni vilevile. Kinachobadilika kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja jioni ni umeme unaofika, maana jioni kijiji kizima kimewasha. Kwa hiyo nikamwambia mama sigusi shawa mpaka jioni, nitakaa nisubiri. Akanipa ndizi na maharage, nikakaa.

Wakati nasubiri nilipiga hesabu ya kwanza kwenye kipande cha boksi. Nguvu ni volti mara ampea. Basi 5,500 gawanya kwa 230, shawa ikiwa na afya inatakiwa ivute ampea 23.9. Ukinzani, yaani kiasi koili inavyouzuia umeme, ni volti gawanya kwa ampea: 230 gawanya kwa 23.9, ni omu 9.6. Hiyo 9.6 niliizungushia duara, maana ndiyo niliyokuwa naisubiri jioni.

Naendelea chini, simu inaishiwa chaji.

#2 Kijana_Himo

Tupo hapa mkuu, usituache njiani. Kwa nini uzungushie 9.6 na sio zile wati 5,500?

#3 FundiPasua

@Kijana_Himo swali lako ndilo uzi wenyewe.

Wati za kwenye kibandiko hazimo ndani ya shawa. Kilichomo ndani ni koili, na koili ina ukinzani wake. Hizo wati 5,500 ni ahadi yenye sharti: *ukinipa volti 230, nitakupa wati 5,500.* Usipotimiza sharti, koili haidaiwi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kifaa ni kizima, tafuta ukinzani wake kikiwa kazini. Ukikuta ni uleule wa kibandiko, kifaa kizima, nenda katafute ugonjwa kwingine.

Saa moja na robo jioni nikaanza. Shawa ikiwa imezimwa, kwenye bodi ya breka napata volti 205. Tayari ni chini ya 230. Nikamwambia mjukuu awashe. Namba zilizosoma maji yakitoka ni hizi:

Kwenye bodi ya breka: volti 194.
Kwenye terminali za shawa yenyewe: volti 174.
Klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea, kwenye waya wa moto unaoleta umeme: ampea 18.1.

174 gawanya kwa 18.1 ni omu 9.61. Nilirudia mara tatu. Shawa iliyoitwa feki ina ukinzani uleule ambao kibandiko chake kinautaka, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya mia. Ni nzima!

Na nguvu? 174 mara 18.1 ni wati 3,149. Mama amenunua wati 5,500 anaogea 3,149. Mnaona kitu hapo? Volti zimepungua karibu robo, lakini wati zimepungua kwa asilimia 43. Sababu ni kwamba volti zikishuka na ampea nazo zinashuka pamoja nazo, halafu hizo mbili ndizo unazozidisha. Hasara inapiga mara mbili. Ndiyo maana fomula nyingine ya nguvu ni volti kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani: 174 mara 174, gawanya kwa 9.61, unarudi palepale kwenye 3,150.

Nilikuwa na kipimajoto. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 17, shawa inatoa kama lita 3 kwa dakika. Kupandisha mtiririko huo nyuzi moja kunahitaji wati 209 hivi. Gawanya 3,149 kwa 209, unapata nyuzi 15. Kumi na saba na kumi na tano, thelathini na mbili. Kipimajoto kilisoma 32. Mwili wa mtu una 37, kwa hiyo maji ya 32 kwenye baridi ya Kibosho mtoto lazima alie.

#4 BintiKiboriloni

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, hii mada tunaisoma sasa hivi. Kinachonichanganya ni fomula za nguvu ziko tatu. Kuna ya volti mara ampea, kuna ya ampea kipeo cha pili mara ukinzani, na hiyo ya volti kipeo cha pili. Kwenye mtihani nitajuaje nitumie ipi?

#5 FundiPasua

Marahaba mdogo wangu. Usizikariri tatu, jua mbili tu.

Ya kwanza ni ya Ohm, yule Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827: volti ni ampea mara ukinzani. Ya pili: wati ni volti mara ampea. Basi. Hizo nyingine zinatokana na kuchomeka ya kwanza ndani ya ya pili. Kama swali halijakupa volti, pale penye volti andika "ampea mara ukinzani", utakuta ampea zimekuwa mbili, ndiyo ile ya kipeo cha pili. Kama halijakupa ampea, pale penye ampea andika "volti gawanya kwa ukinzani", utapata ile nyingine. Angalia swali limekupa nini, limekunyima nini.

Mfano wa pasi ya nyumbani. Umepima volti 220, ampea 4.4. Ukinzani: 220 gawanya kwa 4.4 ni omu 50. Nguvu: 220 mara 4.4 ni wati 968. Sasa jaribu kwa njia zile mbili nyingine, 4.4 mara 4.4 mara 50, halafu 220 mara 220 gawanya kwa 50. Zote zikikupa 968 umeelewa, moja ikikataa kuna mahali umekosea kuzidisha. Mimi mpaka leo nakagua kazi yangu hivyo.

Na usisahau vipimo. Miliampea igeuze kuwa ampea kabla hujaanza, kilowati iwe wati. Hapo ndipo wengi wanapoteza maksi.

#6 BintiKiboriloni

Zote 968! Asante sana fundi.

#7 MzeeWaBalbu

Fundi, nakuheshimu lakini hapa nataka tukubaliane vizuri. Umesema kifaa kina ukinzani wake. Mimi nina balbu ya zamani ya waya, wati 100. Kwa hesabu yako 230 mara 230 gawanya kwa 100, ni omu 529. Nimeichukua sasa hivi mezani nimeipima kwa multimita, inasoma omu 39. Sasa hiyo 529 iko wapi?

#8 FundiPasua

Shikamoo mzee wangu. Umenibana mahali sahihi na nilipaswa kusema mapema.

Umeipima ikiwa baridi. Uzi wa balbu ile ni tangsteni, ikiwaka inafika nyuzi zaidi ya 2,000. Metali nyingi zikipata joto ukinzani wake unapanda, na kwa balbu unapanda mara kumi na zaidi. Kwa hiyo 39 ni kweli na 529 ni kweli, moja ya mezani na moja ya kazini. Ndiyo maana balbu hizo zilikuwa zinaungua mara tu unapobonyeza swichi: nukta ile ya kwanza uzi bado baridi, mkondo unaingia mwingi mno.

Koili ya shawa, pasi au jiko ni aina nyingine ya waya, nikromu au ndugu zake. Huo ukipata moto ukinzani unapanda kidogo tu, asilimia chache. Lakini fundisho lako nalishika: nilisema "kikiwa kazini" na nilimaanisha. Volti na ampea zikipimwa kwa wakati mmoja kifaa kikifanya kazi, ndipo unapopata ukinzani wa kweli. Multimita kwenye omu, kifaa kikiwa kimechomolewa, inakuambia ukinzani wa baridi na kama waya umekatika au haujakatika, na kwa balbu huo wa baridi uko mbali sana na wa kazini.

#9 MzeeWaBalbu

Marahaba. Hapo tumeelewana.

#10 Kijana_Himo

Mkuu rudi Kibosho. Umesema kwenye bodi ni 194 na kwenye shawa ni 174. Volti 20 zimekwenda wapi ndani ya nyumba ya mama?

#11 FundiPasua

Hapo sasa. Hapa ndipo niliposikia baridi mgongoni, na si baridi ya mlima.

Kutoka bodi mpaka bafuni ni mita 28. Nikapanda darini na tochi nifuate waya. Aliyefunga shawa alitumia waya wa moja na nusu, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Moja na nusu, wakuu, waya wa taa! Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 56 za shaba. Shaba ya moja na nusu ina ukinzani wa omu 12.1 kwa kila kilomita ikiwa kwenye nyuzi 20. Mita 56 ni omu 0.68. Ukipata joto inapanda, weka 0.77. Zidisha kwa ampea 18.1: volti 14 zimeliwa na waya peke yake.

Zimebaki 6. Nikazifuata. Katikati ya dari, juu kidogo ya mlango wa bafu, kuna jointi. Nikaweka ncha moja ya multimita upande huu wa jointi na nyingine upande ule, shawa ikiwa inafanya kazi. Volti 6. Kwenye jointi nzima ulitakiwa usome karibu na sifuri.

Sita mara 18.1 ni wati 109. Zinateketea ndani ya kitu kinachotosha kwenye kiganja. Pasi ya kuchomelea risasi ninayotumia mimi ni wati 60 na inayeyusha risasi. Nilizima breka, nikaifungua ile jointi. Konekta ilikuwa nyeupe ilipotoka dukani, nimeikuta ina rangi ya kahawa iliyoungua, upande mmoja plastiki imevimba na kushuka kama mshumaa. Skrubu ilikuwa inazunguka kwa kidole. Shaba imekuwa nyeusi. Na imelala juu ya mbao ya dari, mbao yenyewe ina alama ya moto ya ukubwa wa sarafu.

Wajukuu watatu wanalala chumba cha pembeni.

Mtauliza breka ilikuwa wapi. Breka ilikuwepo, ya ampea 32. Waya wa moja na nusu ndani ya paipu haufai kupita ampea 15 hivi. Jioni unabebeshwa 18, alfajiri umeme ukiwa mkubwa unabebeshwa karibu 21. Breka ya 32 inaona 21 inasema salama. Breka inalinda waya, kwa hiyo lazima ilingane na waya. Hapa iliwekwa ilingane na shawa, waya ukasahauliwa.

#12 DadaShantyTown

Mungu wangu. Fundi umenitia hofu, na mimi nina shawa kama hiyo. Nitajuaje kama jointi zangu nzuri bila kupanda darini?

#13 FundiPasua

@DadaShantyTown dada yangu, dalili unazoweza kuona wewe mwenyewe: taa zinafifia sana shawa inapowashwa, harufu ya plastiki iliyoungua, swichi ya shawa ina joto ukiigusa baada ya kuoga, au kifuniko chake kimegeuka rangi. Ukiona moja tu, zima breka yake usiiwashe mpaka fundi apite.

Fundi akija mwambie apime volti kwenye bodi na kwenye shawa, shawa ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi kama volti 7, aseme zimekwenda wapi. Kupima kifaa kikiwa na umeme ni kazi ya fundi, usijaribu wewe na maji yapo sakafuni. Na muulize kuhusu ethi. Shawa ya umeme bila waya wa ethi na kikata umeme cha mvujo siifungi mimi, hata mwenye nyumba akinung'unika.

#14 MamaLishe_Njiro

Habari zenu jamani, mimi niko Arusha, napika chakula cha mchana kwa jiko la koili. Fundi umesema volti zikishuka wati zinashuka. Si ndiyo nafuu kwangu? LUKU si itakula uniti chache?

#15 FundiPasua

Dada karibu. Swali hili naulizwa kila wiki.

Mita inahesabu wati mara muda. Wati 1,000 kwa saa moja ndiyo uniti moja. Tuseme jiko lako ni wati 2,000 kwa volti 230. Ukinzani wake ni omu 26.5. Siku umeme umeshuka mpaka 190, jiko linatoa wati 1,360 hivi. Ni kweli mita inakwenda polepole.

Lakini maji yako hayajui bei, yanataka joto lake. Lita 5 kutoka nyuzi 20 mpaka zichemke, na huko Arusha kwa mwinuko wenu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, zinahitaji kama uniti 0.44. Kwa wati 2,000 ni dakika 13. Kwa wati 1,360 ni dakika 19. Uniti ni zilezile. Na hapo sijahesabu joto linalotoroka pembeni ya sufuria, ambalo kwa dakika 19 linatoroka zaidi kuliko kwa dakika 13. Kwa hiyo umeme mdogo unakuongezea gharama kidogo, na wateja wanasubiri.

Na kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni. Mita ya mama wa Kibosho inahesabu kuanzia kwenye bodi: 194 mara 18.1 ni wati 3,511. Shawa inapata 3,149. Wati 362 zilizobaki zinapasha moto dari, na analipia. Ni zaidi ya asilimia 10. Wakioga jumla ya nusu saa kwa siku, kwa mwezi ni uniti 5.4. Mimi kwa elfu kumi napata uniti 28, ukiacha makato ya kodi ya jengo. Fanya mwenyewe hesabu, ni karibu elfu mbili kila mwezi za kuchoma jointi.

#16 MamaLishe_Njiro

Nimeelewa. Kesho naangalia plagi ya jiko, maana huwa inakuwa ya moto sana na nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

#17 FundiPasua

Haitakiwi, dada. Ya uvuguvugu sawa. Ya moto hadi unatoa mkono, badilisha plagi na soketi vyote viwili, na usichelewe.

#18 Msagishaji_Ngaramtoni

Mangi, mimi nina mashine ya kusaga. Kwangu ni kinyume na unachosema. Umeme ukishuka, klampu inasoma ampea nyingi zaidi, sio chache. Mota ilishaungua mara moja kwa hali hiyo. Hesabu ya Ohm imelala?

#19 FundiPasua

Haijalala kaka, ila mota si koili ya kupasha joto. Koili haina kazi ya kumaliza, inatoa joto kulingana na unachoipa. Mota ina mzigo mbele yake, mahindi yapo kwenye kinu na yanataka nguvu ileile. Ukiinyima volti inafidia kwa ampea. Ampea zikipanda, joto kwenye nyaya zake linapanda kwa ampea kipeo cha pili: ongezeko la asilimia 20 kwenye ampea ni asilimia 44 zaidi ya joto. Ndipo vanishi inayozifunika nyaya hizo inapoungua.

Kwa hiyo kwa mota, friji, pampu, usichukue volti ukagawanya kwa ampea ukauita huo ukinzani. Hata volti mara ampea hazikupi wati halisi, lazima uzidishe na namba nyingine iliyo chini ya moja, iko kwenye kibao cha mota, kwa kawaida 0.8 na kitu. Na kwako ambapo ni fezi tatu, volti 400, unazidisha pia kwa 1.73. Weka kilinzi cha volti ndogo kwenye stata yako, kile kiwashio cha mota, kikate kabla mota haijateseka. Hili ni kubwa, nitalifungulia uzi wake.

#20 Sola_Longido

Kwetu sisi wa sola ya volti 12 hii hesabu ndiyo kila kitu. Taa na tivi za wati 120 ni ampea 10. Waya ukila volti moja, kwako ni 1 kati ya 230, kwangu ni 1 kati ya 12. Nimewahi kufunga betri mita 15 kutoka kwenye tivi kwa waya mwembamba, tivi ikawa inazima kila ikianza kuwaka.

#21 FundiPasua

Umesema vizuri sana. Na ukigeuza hoja yako upate sababu ya ile minara mikubwa ya kituo cha Kiyungi hapa Moshi, kilovolti 132. Kusafirisha megawati moja kwa volti 230 ungehitaji ampea 4,348. Kwa volti 132,000 ni 7.6 tu, ukihesabu kirahisi bila fezi tatu. Hasara ya waya inategemea ampea kipeo cha pili, kwa hiyo ukiziweka ndogo, waya wa kawaida unatosha kuvuka mikoa.

#22 Kijana_Himo

Klampu mita mimi ninayo ila inanisomea sifuri kila nikiweka kwenye waya wa pasi. Mbovu?

#23 FundiPasua

Umeibania waya mzima, moto na nutro pamoja. Mkondo unaokwenda na unaorudi inafutana. Tenganisha, bana mmoja tu. Tengeneza ekstensheni fupi ambayo umechana ganda la nje nyaya zikae mbalimbali, ganda la kila waya likiwa zima, uwe unapimia hapo. Na wenye multimita ya kawaida: usiiweke kwenye ampea halafu ukachomeka ncha kwenye soketi. Kwenye ampea ile mashine ndani yake karibu haina ukinzani, ni kama umeziba soketi kwa msumari.

#24 DadaShantyTown

Fundi, na mama wa Kibosho aliishia wapi? Umeme kwake umerudi 230?

#25 FundiPasua

Dada, nimerudi huko mara mbili tangu nianze uzi.

Kazi ya ndani nimeimaliza. Nimevuta waya wa sita kutoka kwenye bodi mpaka swichi ya shawa, kipande kimoja, hakuna jointi njiani. Waya wa sita mita 56 ni omu 0.17, badala ya 1.1 za waya wa zamani pamoja na jointi yake (zile volti 20 gawanya kwa 18.1). Breka yake peke yake, ya 32, sasa inalingana na waya. Ethi nimeipima, na kikata mvujo kipo. Waya ndio uliokula hela, lakini bado ni chini ya bei ya shawa mpya aliyoambiwa anunue, ambayo ingekuja kukaa juu ya jointi ileile.

Ya nje siwezi. Kutoka 205 mpaka 194 ni volti 11 kwa ampea 18.1, omu 0.61 ziko kati ya transfoma na bodi yake. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa kwenye laini. Hizo namba nimemwandikia kwenye karatasi na saa nilizopima, apeleke taarifa akiwa na kitu mkononi.

Jioni ya baada ya kazi, umeme ukiwa uleule wa 205: shawa inapata volti 189, ampea 19.7, wati 3,723. Maji kwa lita 3 ni nyuzi 35. Nikamwonyesha mjukuu mkubwa afunge koki kidogo, maji yawe lita 2 na nusu, yakapanda mpaka 38. Wameoga wote watatu, hakuna aliyelia.

Halafu mama akanisisitiza niione na ile alfajiri yake, maana bado hakuamini kwamba shawa ni moja. Nikalala kwa jamaa yangu Kibosho, saa kumi na moja kasoro nipo bafuni kwake na klampu, yeye ameshavaa kitenge cha misa ananishikia tochi. Kabla ya kuwasha, volti 236. Tukawasha: 218, ampea 22.7, wati 4,949, kipimajoto 40.

Nikampa simu yenye kikokotoo agawanye mwenyewe, kwanza 189 kwa 19.7 za jioni, kisha 218 kwa 22.7 za alfajiri. Ya kwanza ikampa 9.59. Ya pili ikampa 9.60. Akaziangalia zote mbili, akaisoma na ile ya kwenye boksi langu yenye duara, akasema, "Kumbe ni hiihii," akachukua rozari akaondoka.